Mwito wa kijana Mkristo: kusudi, urafiki na utumishi

Swali tunaloulizwa na vijana kuliko mengine yote ni hili: “Mchungaji, nitajuaje Mungu ananiitia nini?” Kwa kawaida linaulizwa mlangoni baada ya ibada, watu wengine wakisha kutoka. Linaulizwa na dada aliyepata diploma ya serikali miaka 3 iliyopita, na mpaka leo anamsaidia mama yake kuuza ndizi sokoni. Linaulizwa na ndugu anayeendesha pikipiki ya mtu mwingine huko Goma, Bukavu au Butembo, na kila jioni sherti ampelekee mwenye pikipiki franga zake kabla ya kufikiri chakula chake. Linaulizwa pia na kijana aliyekimbia kijiji chao usiku, ambaye vyeti vyake vya shule vilibaki ndani ya nyumba iliyoungua.

Makala hii imeandikwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazee wa kanisa, wazazi na viongozi wa vijana wanaowajibu. Tutaeleza maana ya mwito, Biblia inausema namna gani, urafiki una kazi gani ndani yake, na njia ambayo kanisa la mahali linaweza kufuata. Neno letu kubwa ni moja: mwito hausikiki vizuri na mtu aliye peke yake na asiyefanya kitu. Mungu huita watu walio kazini, na mara nyingi hutumia kinywa cha mtu mwingine ili wasikie.

Tunaliandika neno hili kwa uchungu kidogo. Miaka iliyopita kijana mmoja alikuja kutuona mara 3. Alikuwa amesomea ualimu, hakuwa na kazi, na rafiki zake wengi walikuwa wamekwenda. Kila mara tulimwambia: “Endelea kuomba, Mungu atakuonyesha.” Tulisema kweli, lakini nusu ya kweli. Hatukumpa kazi hata ndogo ya kufanya, wala hatukumpa ndugu wa kutembea naye. Mara ya 4 hakuja. Tulisikia kwamba amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu, na tangu siku ile hatukupata habari yake. Hatujui kama angebaki. Tunajua tu kwamba tulimwacha asubiri peke yake.

Maana ya maneno

Kusudi ni sababu ambayo kwa ajili yake mtu anaishi. Kwa Mkristo kusudi la kwanza halitofautiani kutoka mtu hadi mtu: sisi sote tumeumbwa kwa ajili ya Mungu, tumpende yeye na kumpenda jirani (Mathayo 22:37-39). Kwa hiyo hakuna kijana aliyeokoka ambaye hana kusudi. Asiye na kazi analo, na mgonjwa kitandani analo.

Mwito ni namna Mungu anavyomchukua mtu fulani, mwenye karama fulani, mahali fulani, ili alitimize kusudi lile kwa kazi fulani. Neno la Kigiriki katika Agano Jipya ni klesis, maana yake kuitwa. Paulo anapolitumia, mara nyingi anasema kwanza juu ya kuitwa kuwa mtu wa Kristo (Waefeso 4:1), ndipo juu ya kazi na karama. Utaratibu huu ni wa maana. Anayetafuta kazi ya Mungu kabla ya kumkubali Mungu mwenyewe anaanza nyuma.

Katika karne ya 16, Martin Luther alifundisha kwamba mwito si mali ya mapadri na watawa peke yao. Mshona viatu, mkulima na mama anayelea mtoto wanamtumikia Mungu kweli kweli pale walipo. Sisi Waprotestanti tumerithi fundisho hilo, lakini katika makanisa yetu mengi tumelisahau. Kijana akisema “nina mwito”, tunaelewa mara moja kwamba anataka kuwa mchungaji au mwinjilisti. Mwashi, muuguzi, mwalimu na mwanamke anayeongoza chama cha akiba cha mtaa, nao wameitwa.

Urafiki, katika makala hii, ni agano la watu wawili au zaidi wanaotakiana mema mbele za Mungu na kuambiana ukweli. Kuimba katika kwaya moja hakutoshi, wala kuwa katika kikundi kimoja cha WhatsApp hakutoshi.

Mungu aliita watu waliokuwa wakifanya nini?

Tukifungua Maandiko tunaona jambo ambalo vijana wengi hawalitazamii. Musa alikuwa akichunga kondoo za mkwe wake (Kutoka 3:1). Gideoni alikuwa akipepeta ngano kwa kujificha, kwa sababu ya adui waliopora mavuno (Waamuzi 6:11). Elisha alikuwa nyuma ya ng'ombe akilima (1 Wafalme 19:19). Petro na Andrea walikuwa na nyavu mikononi, na Mathayo alikuwa mezani akitoza ushuru. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekaa akingoja mwito. Kazi ile ya kwanza haikuwa ndiyo kazi ya mwisho, lakini ndimo Mungu alimowakuta.

Mfano wa Gideoni unatuhusu kwa namna ya pekee. Aliitwa katika nchi isiyo na usalama, na jibu lake la kwanza lilikuwa malalamiko: kama Mungu yuko nasi, mbona haya yote yametupata? Mungu hakumfukuza kwa swali hilo. Kijana wa Beni au wa Masisi anayeuliza vile hana imani ndogo kuliko Gideoni.

Mfano wa Samweli unatufundisha jambo la pili (1 Samweli 3). Mtoto huyu alikuwa akitumika hekaluni, sauti ikamwita, naye akadhani ni Eli. Alikimbia kwa mzee mara 3. Ni Eli aliyetambua kwamba anayeita ni Bwana, na akamfundisha la kujibu. Tuangalie vizuri: Eli alikuwa mzee asiyeona vema, na nyumbani mwake alishindwa kuwazuia wanawe. Hata hivyo Mungu alimtumia kumfungua Samweli masikio. Kijana asiseme, “Wazee wetu wana makosa, kwa hiyo sitawasikiliza.” Na mzee asiseme, “Nilikosea sana, sina la kumwambia kijana.”

Jambo la tatu tunalipata Antiokia (Matendo 13:1-3). Roho Mtakatifu aliwaita Barnaba na Sauli wakati kanisa lilipokuwa likiabudu na kufunga. Kanisa lilisikia, likaomba, likawawekea mikono, ndipo wakaenda. Mwito uliwahusu watu wawili, lakini kanisa zima lilikuwa shahidi.

Apolo Kivebulaya na njia ya Boga

Mashariki mwa nchi yetu tuna shahidi ambaye vijana wengi hawamjui. Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Alipata kuwa askari, na alipata pia kusikia mafundisho ya mmisionari Alexander Mackay. Alibatizwa mwaka 1895, akachukua jina la Apolo. Jina la Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, alipewa na watu kwa sababu ya koti jekundu alilopenda kuvaa.

Baada ya ubatizo hakungoja miaka. Alikwenda Toro kama katekista, na mwaka 1896 akavuka bonde la Semliki mpaka Boga, katika Ituri yetu ya leo. Walimu waliomtangulia pale walikuwa wamefukuzwa. Yeye pia alipata shida. Dada wa chifu Tabaro alikufa kwa ajali ya mkuki wakati wa ujenzi wa nyumba ya Apolo, naye akashtakiwa, akapelekwa Fort Portal na kufungwa. Alisimulia kwamba katika kukata tamaa kwake Kristo alimtokea na kumhakikishia kuwa yuko pamoja naye. Alipoachiliwa hakurudi kwao Buganda, bali alirudi Boga. Baadaye Tabaro mwenyewe akaamini na kubatizwa.

Apolo alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Tazama utaratibu: utumishi ulianza kabla ya cheo. Miaka yake yote ya Boga aliishi bila mke, na nyumba yake ilijaa vijana aliowafundisha kusoma, kisha akawatuma kuwa walimu vijijini. Alikwenda pia kwa Wambuti katika msitu, watu ambao wengi waliwadharau. Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Inasimuliwa kwamba aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi, ili watu wajue kazi haijaisha. Kutoka Boga ndipo Kanisa la Anglikana lilianza katika nchi yetu.

Kijana wa leo anajifunza nini kwake? Kwamba mateso ya mwanzo si lazima yawe ishara ya kukosea njia. Kwamba mtu anaweza kuwa na kusudi kamili bila ndoa, na bila kungoja cheo. Na kwamba mwito unaonekana kwa kurudi: Apolo alijua Boga ni mahali pake siku aliporudi pale alipopigwa.

Denis Mukwege na mwito uliobadilika njiani

Mfano wa pili ni wa siku zetu. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste. Amesimulia mara nyingi kwamba alipokuwa mtoto wa miaka 8 alimfuata baba yake kumwombea mtoto mgonjwa. Akamuuliza baba kwa nini anaomba lakini hatoi dawa. Baba akajibu kwamba yeye si daktari. Pale mtoto akaamua: baba ataomba, yeye atatoa dawa.

Njia haikunyooka. Alianza masomo ya ufundi Kinshasa, akayaacha, akaenda Bujumbura kusomea udaktari, akamaliza mwaka 1983. Alitaka kutibu watoto. Lakini alipofanya kazi katika hospitali ya Lemera, aliona wanawake wakifika wakiwa wamechelewa na kufa katika uzazi. Kwa sababu yao alikwenda Ufaransa, katika mji wa Angers, kujifunza tiba ya wanawake, kisha akarudi. Mwaka 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 hospitali ya Panzi ilianza Bukavu, chini ya jumuiya ya CEPAC. Nia ilikuwa kusaidia akina mama wajifungue salama. Lakini mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke aliyebakwa na kujeruhiwa vibaya, na baada yake wakaja wengine wengi. Daktari hakusema, “Si kazi niliyoitiwa.” Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad.

Jambo moja zaidi tusilisahau. Mwezi wa Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake wakitaka kumuua, na mlinzi wake akauawa. Alikimbia na jamaa yake. Wanawake wa Kivu, maskini wengi wao, waliuza mazao yao ili kuchangia tiketi yake ya kurudi, na mwanzo wa 2013 akarudi. Watu aliowatumikia ndio waliothibitisha mwito wake.

Hatuwaambii vijana kwamba kila mmoja atapata Nobel. Tunaonyesha jinsi mwito ulivyokua: ulianza na swali la mtoto mbele ya hitaji moja, ukabadilika mbele ya hitaji jingine, ukapita katika masomo yaliyoachwa na kazi iliyobomolewa. Ndugu uliyeacha univasite mwaka wa pili kwa kukosa ada, au uliyebadilisha fakulte mara 2, usijihesabu umepotea.

Urafiki unaosaidia mwito, na urafiki unaouharibu

Biblia inatuonyesha marafiki wa namna mbili. Yonathani alikuwa mrithi wa kiti cha baba yake. Alipotambua kwamba Mungu amemchagua Daudi, hakumwonea wivu. Daudi alipokuwa amejificha porini, Yonathani alimfuata kule na kumtia nguvu katika Mungu (1 Samweli 23:16). Urafiki huo ulimgharimu ufalme. Kwa upande mwingine, Amnoni naye alikuwa na rafiki, Yonadabu, mtu mwenye akili nyingi (2 Samweli 13:3). Akili hiyo aliitumia kumpa Amnoni mpango wa kumharibu Tamari. Wote wawili waliitwa marafiki. Kipimo ni tunda: baada ya kukaa na rafiki huyu, umepata nguvu ya kumtii Mungu, au umepata werevu wa kutenda dhambi bila kujulikana?

Katika majimbo yetu swali hili ni la uzima na kifo. Vijana wengi walioingia katika vikundi vya silaha hawakuanza kwa chuki, walianza kwa kumfuata rafiki. Wengine wametoka na kurudi nyumbani kwa sababu rafiki mwingine aliendelea kuwapigia simu.

Historia ya Uamsho wa Afrika ya Mashariki nayo inatupa somo. Mwezi wa Septemba 1929 daktari Joe Church, aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka na kukata tamaa. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye kiu kama yake. Walikaa pamoja siku chache wakisoma Biblia na kuomba juu ya Roho Mtakatifu. Mmoja Mwingereza na mwingine Mwafrika, katika siku za ukoloni, walikaa kama ndugu. Kutoka urafiki huo, na wa wengine kama wao, uamsho ulienea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanzania. Alama yake ilikuwa vikundi vidogo vya watu walioungama dhambi zao kweli na kutembea nuruni pamoja.

Kwa hiyo tunamshauri kila kijana awe na marafiki 2 au 3 anaokutana nao kila juma, wasome Neno, waulizane hali ya roho, na waombe. Msikutane watu wa kabila moja tu. Mahali penye majeraha kama kwetu, urafiki kati ya vijana wa lugha mbalimbali ni mahubiri ambayo hata wasiokuja kanisani wanayasikia.

Neno juu ya mvulana na msichana

Dada wengi wanatuambia kwamba swali la kusudi wanalijibiwa na watu wengine: “Umri unapita, utaolewa lini?” Ndoa ni jema, lakini Paulo anasema wazi kwamba aliye nayo na asiye nayo wote wana karama kutoka kwa Mungu (1 Wakorinto 7:7). Dada asingoje mume ndipo aanze kutumika. Na ndugu asiyatumie maneno ya kiroho, kama “Mungu amenionyesha wewe”, kumlazimisha dada. Kama Mungu amemwonyesha mmoja, atamwonyesha na mwingine, na wazazi pamoja na kanisa wataona pia. Kama ni urafiki wa usafi bila uchumba, wauseme hivyo na kuuishi mbele ya watu, si gizani.

Njia ya hatua 6 ya kupima mwito

1. Anza na hitaji lililo karibu. Tazama mtaa wako: ni nani asiyesoma, asiyetembelewa, asiyekula? Chagua kazi moja ndogo uifanye kila juma, kama kufundisha watoto wa ECODIM, kuchota maji kwa mjane, kutunza hesabu za kikundi, au kutengeneza benchi za kanisa. Katika kambi moja ya waliokimbia vita, dada mmoja alianza kufundisha watoto wachache kusoma, chini ya hema, kwa kipande cha ubao. Hakujua kama ni mwalimu. Watoto walijua mbele yake.

2. Uliza watu 3 wanaokujua. Mmoja awe rafiki, mmoja mzee wa kanisa, mmoja ndugu wa nyumbani. Waulize: “Mnaona nafanya nini vizuri? Mnaona nikisema uongo juu yangu mwenyewe wapi?” Sikiliza bila kujitetea.

3. Jaribu kwa muda uliowekwa. Sema, “Nitafanya kazi hii miezi 6.” Muda ukiisha, kaa na wale watu 3. Je, wengine wamesaidika? Je, wewe umekua katika upendo na uvumilivu? Furaha peke yake haitoshi, na uchovu peke yake si sababu ya kuacha.

4. Leta jambo mbele ya kanisa. Kama Antiokia, kanisa liombe, liulize, na kama linakubali, liweke mikono. Hii inafaa si kwa mwinjilisti tu, hata kwa muuguzi anayekwenda kuanza kazi au fundi anayefungua karakana.

5. Tafuta maandalizi. Mwito hauondoi shule. Paulo alijua ushonaji wa hema (Matendo 18:3) na alijua Maandiko. Jifunze ufundi, lugha, hesabu. Asiye na ada ya univasite anaweza kukaa chini ya fundi mwaminifu mwaka mmoja.

6. Hesabu gharama. Yesu alisema juu ya mtu anayejenga mnara (Luka 14:28). Kuna miito itakayokuacha bila mshahara kwa muda. Uwe na kazi ya mikono ya kukulisha, usiwe mzigo kwa mjane aliyekupa sadaka.

Makosa tunayoyaona mara nyingi

Kununua unabii. Kuna vyumba vya maombi ambamo kijana anaahidiwa kuambiwa mwito wake akileta “mbegu”. Simoni wa Samaria alitaka kununua karama kwa feza, na Petro alimkemea vikali (Matendo 8:18-20). Roho Mtakatifu hausemi mwito kwa bei. Tunaamini unabii, lakini Maandiko yanatuamuru tuupime (1 Wathesalonike 5:20-21), na unabii wa kweli unakubali kupimwa na wazee mchana.

Kuchanganya mwito na kuondoka. Wengine Mungu anawapeleka mbali, Kampala, Nairobi, hata Marekani, na huko wanamtumikia vema. Lakini kuondoka peke yake si kusudi. Asiyemjali jirani Uvira hatamjali jirani huko aendako.

Kungoja amani ndipo tuanze. Tumezaliwa, wengine wetu tumelea watoto, huku tukisema, “Vita vikiisha.” Waisraeli waliohamishwa Babeli walipata barua ya Yeremia: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wautakie heri mji walimo (Yeremia 29:5-7). Haikuwa barua ya kukubali uovu. Ilikuwa amri ya kuishi kwa kusudi kabla ya ukombozi kufika.

Kudhani kuanguka kumefuta mwito. Yohana Marko aliwaacha wenzake Pamfilia, na Paulo akakataa kumchukua tena. Barnaba alimchukua (Matendo 15:37-39). Mwishoni Paulo mwenyewe aliandika kwamba Marko anamfaa katika utumishi (2 Timoteo 4:11). Dada aliyezaa nje ya ndoa, ndugu aliyetoka porini, mlevi aliyeacha pombe: kila mmoja anahitaji Barnaba.

Kwa wazee na makanisa

Barnaba anatuhukumu sisi viongozi. Sauli alipokuwa Tarso, mbali na Yerusalemu, Barnaba hakungoja aje. Alikwenda kumtafuta, na alipomwona akamleta Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima (Matendo 11:25-26). Tunaomba kila parokia ifanye mambo 3. Kwanza, iwe na orodha ya vijana wake wote, pamoja na walioacha kuja, na mtu wa kuwatembelea. Pili, impe kila kijana aliyefikisha miaka 18 kazi moja ya kweli, yenye jina na wa kumsimamia, si kupanga viti tu. Tatu, imuunganishe kila mmoja na mzee mmoja, baba au mama, atakayekutana naye angalau mara moja kwa mwezi.

Mambo haya hayahitaji bajeti kutoka nje. Yanahitaji saa zetu. Tungeyafanya kwa yule mwalimu kijana aliyebisha mlangoni petu mara 3, shule ya kanisa ilikuwa mita chache tu kutoka pale alipokaa, na watoto walikuwa hawana mwalimu wa kuwasomesha jioni. Hitaji lilikuwepo, karama ilikuwepo. Mtu wa kuviunganisha ndiye aliyekosa, na mtu huyo tulikuwa sisi.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya vijana

Ni kazi gani ndogo iliyo mbele yangu juma hili, ambayo hakuna mwingine anayeifanya?

Ni rafiki gani ananitia nguvu katika Mungu, na mimi namtia nguvu nani?

Kuna jambo ambalo watu 3 wameniambia juu ya karama yangu, nami nimelikataa?

Ni nani aliyeacha kuja kati yetu, na ni nani atakayekwenda kumtafuta kabla ya Jumapili?

Swali la mwisho wasilijibu kwa mdomo tu. Waandike jina, wachague watu 2, wakaende. Nasi pia tunaendelea kuuliza, kila tunapokutana na watu wanaotoka machimboni, kama wamemwona ndugu yetu. Mlango ambao alibisha bado uko wazi, na darasa la jioni bado lina nafasi yake.